Siku ya Saba ya Vidonge

Kaka yangu alilazwa Arusha akiwa na macho ya manjano na tumbo lililojaa maji. Pombe ilikuwa imelivimbisha ini. Daktari hakuzungusha maneno: dawa ya kujaribu ilikuwa moja, prednisolone, nayo haikuwa ya uhakika.

"Tutampa siku saba, dada. Umanjano usipopungua, tunaacha."

Siku ya tatu kaka aliomba chakula. Mtu ambaye wiki nzima alikuwa akiona sahani anageukia ukutani! Nilimpikia mtori wa ndizi na nyama, akaumaliza, akataka mwingine. Kwetu Uchagani mgonjwa akimaliza mtori tunamhesabu mzima. Nikamtania kwamba atanila na mimi. Alicheka, nami furaha ikanijaa hadi nikaona haya mbele ya wagonjwa wengine.

Siku ya saba daktari alisoma majibu ya damu, akamfunua kope.

"Haijasaidia. Naacha dawa."

"Mbona anakula?" nilimuuliza kwa hasira.

"Hamu hiyo inaletwa na vidonge, ini liko vilevile. Tukiendelea, mwili utashindwa kupigana na maambukizi."

"Basi mpe nyingine."

"Nyingine sina, dada yangu."

Nilimchukia. Niliona anamnyang'anya kaka yangu sahani mdomoni.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kuanzia Themi hadi Moshono maduka ya dawa yakichipuka kama uyoga, na muuzaji hakuuliza cheti cha daktari. Nilinunua vidonge vilevile, nikavisaga, nikavikoroga kwenye mtori. Kaka alilalamika kwamba una uchungu. Nikasingizia ndizi. Siku nne alikula vizuri, na kila bakuli liliporudi tupu nilimwona daktari hajui kitu.

Siku ya tano alishikwa na homa, kifua kikaanza kukoroma. Daktari alinivuta kando.

"Kuna dawa yoyote mliyompa?"

Nilisema hapana. Nilijua nikisema ndiyo huenda ikamsaidia kujua la kufanya, na bado nikasema hapana.

Alikufa Jumapili. Labda angekufa tu. Sijui, na sina wa kumuuliza. Msibani mama yetu aliwaambia waombolezaji kwamba mwanawe hakufa na njaa, dada yake alimlisha mpaka mwisho. Wakanishika mikono mmoja mmoja, wakanishukuru.