Mnada wa Keki kule Alby

Tawi letu la chama cha wagonjwa wa selimundu halikuwa na ofisi. Lilikuwa na kabati tu katika ukumbi wa mtaa kule Alby, kitongoji cha Stockholm, na ndani yake sufuria, vitambaa vya meza na bango la chama lililokunjamana. Kila Novemba tulikodi ukumbi huo Jumamosi mchana, tukapika pilau na sambusa, tukaalika kila tuliyemjua. Kilichopatikana kilinunua dawa za kliniki moja ya watoto huko nyumbani Afrika, na kiasi kidogo kilibaki kwa wagonjwa wa hapa, hasa wale wasio na ndugu wa kuwatembelea wodini.

Mimi niliingia kwa ajili ya binti yangu. Alizaliwa hapa Stockholm, na kabla hajatimiza mwaka vidole vyake vilivimba, akawa analia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtoto. Daktari alipotueleza kwamba ni selimundu, na kwamba mimi na baba yake tuliibeba wote wawili katika damu bila kujua, baba yake alikaa kiti cha mbali nasi kwenye treni hadi nyumbani Farsta. Baadaye alihamia mji mwingine. Tukabaki mimi na mtoto, na homa zake, na maumivu yaliyomjia kila baridi ilipokaza.

Aliyetupokea tawini alikuwa mzee mmoja Mganda. Alikuja Uswidi kijana, mkimbizi wa siasa, akafanya kazi ya ufundi wa lifti mpaka akastaafu. Kiswahili alikiokota Nairobi alipokuwa akisubiri karatasi za safari, na hakuwahi kukinyoosha. Lakini ndicho tulichozungumza, maana mimi natoka Iringa na Kiganda sijui hata salamu. Alikuwa na binti mmoja tu, mwenye ugonjwa uleule. Msichana huyo ndiye aliyenifundisha mambo ambayo hospitali hawakuyasema: jinsi ya kumfunika mtoto mgongo kabla ya miguu, jinsi ya kumnywesha maji hata akikataa, jinsi ya kuwaambia wauguzi kwamba mtoto anaumwa kweli ingawa amenyamaza.

Roho ya shughuli yetu ilikuwa mnada. Watu wakishashiba, taa za jukwaa zinawashwa, mzee anavaa koti lake la kahawia, na keki inaletwa. Keki yenyewe ilikuwa ya kawaida. Lakini mzee aliweza kuiuza mara nne, tano, kwa sababu aliyeinunua aliona haya kuondoka nayo, akairudisha iuzwe tena. Alimjua kila mtu kwa utani wake. Aliuliza kama Wakenya wamelala, kama Watanzania wameacha pochi kwenye treni, kama yule ndugu wa Spånga anashikilia koti lake kwa sababu anadhani linalonadiwa ni koti. Binti yake ndiye aliyeizungusha keki mezani, mikono juu, akicheka. Baba alipomwita kwa Kiswahili, yeye alijibu kwa Kiswidi, kama wanavyojibu watoto wetu wote.

Msichana huyo alikufa mwezi wa Januari. Maumivu yalianzia mgongoni, yakahamia kifuani, na baada ya siku chache mapafu yakashindwa. Tulidhani mzee hataonekana tena tawini. Alikuja kwenye kikao kilichofuata, akauliza kama ukumbi umeshakodiwa.

Miaka ilipita, mnada ukaendelea, na keki sasa akaizungusha mweka hazina wetu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Halafu mambo madogo yakaanza. Mzee alinipigia simu kuuliza jambo, na chai yangu ikiwa bado moto akapiga tena kuuliza jambo lilelile. Siku moja alikuja kikaoni na ndala za nyumbani, nje kuna theluji nyepesi. Chupa ya chai aliiita "ile nyumba ya chai", kisha akatutazama mmoja mmoja kuona kama tumesikia. Mama wa Kikongo alipendekeza kwa upole tutafute mnadi mwingine. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumwambia.

Novemba ile ukumbi ulijaa. Ilipofika saa kumi alasiri madirisha yalikuwa tayari meusi. Mzee alipanda jukwaani, na mwanzoni alikuwa yuleyule. Watu walicheka, keki ikauzwa, ikarudi. Mara ya pili alianza kuita bei, akakwama katikati ya sentensi. Alitazama meza, akatazama mlango wa jikoni. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekumbuka.

Akamwita binti yake kwa jina.

"Leta keki, mwanangu," alisema kwenye kipaza sauti. "Watu wanangoja."

Waliokuwa wapya walicheka kidogo, wakidhani ni sehemu ya utani. Sisi wengine tulikaa na mikono yetu mezani. Akamwita tena, safari hii kwa sauti ya mzazi anayeanza kukereka. Kijana mmoja wa tawi alinyanyuka kwenda kumshusha, na mama wa Kikongo akamshika mkono.

"Mumuache kwanza," alinong'ona. "Asipate haya mbele ya batu."

Ndipo binti yangu akasimama. Alikuwa amemaliza sekondari mwaka uliotangulia na alifanya kazi katika duka la dawa pale Farsta. Sikumtuma. Alivuta sweta lake sawa, akaenda akaichukua keki mezani, akainyanyua juu kwa mikono yote miwili.

"Jag kommer, pappa," alisema. Nakuja, baba.

Akaizungusha kwa kila mtu. Mzee akanadi mpaka mwisho, vizuri kabisa, na watu wakatoa kuliko miaka yote, wengine wakifuta macho. Mimi sikutoa chochote. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Nilimwona mtoto wangu, mwenye damu ileile iliyomuua yule mwenzake, akiitikia jina la marehemu mbele ya ukumbi mzima, na mwili wangu ukaingiwa na baridi ambayo sikuweza kumweleza mtu. Kwetu mtu haitikii akiitwa jina la aliyekufa. Sijui kama naliamini hilo. Siku ile niliamini.

Ndani ya treni nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Alijibu kwa Kiswidi, akitazama kioo, kwamba mzee alikuwa anaita na hakuna aliyekuwa anakwenda. Nilimwambia asirudie.

Baada ya Krismasi mzee alipelekwa katika nyumba ya kulelea wazee huko Spånga. Chumba kilikuwa safi, chenye dirisha linalotazama njia ya treni na mti mmoja usio na majani. Binti yangu alianza kwenda kila Jumapili. Nilijua kwa sababu alirudi akinukia chakula cha kule, viazi na mchuzi wa kahawia. Alimkata kucha, akamsomea gazeti, akamwitikia kwa jina lile. Nilikasirika, nikanyamaza, nikakasirika tena. Siku moja nilimwambia waziwazi kwamba naogopa.

"Mama," alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, polepole, kama anachagua mawe ya kukanyagia, "mimi pia naogopa. Lakini yeye akiniona anafurahi. Mimi nikiugua, watu wakiniona wanahuzunika. Wewe pia."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa mabaya. Tulifanya mnada mwezi wa Novemba bila mzee. Kijana aliyeshika kipaza sauti alizungumza Kiswidi kizuri, alionyesha picha ukutani, alieleza ugonjwa ulivyo. Watu walisikiliza kwa adabu, wakala, wakalipa kwa simu zao, na kabla ya saa kumi viti vilikuwa vimesharudishwa pembeni. Keki ilinunuliwa mara moja, na aliyeinunua akaondoka nayo. Tulipokuwa tunafunga kabati, mama wa Kikongo alisema labda mwaka ujao tujiunge na tawi kubwa la mjini. Hakuna aliyepinga.

Wiki chache baadaye maumivu yalimshika binti yangu kazini. Nilimkuta wodini na dripu mkononi, midomo imekauka, amekunja magoti. Muuguzi alimuuliza maumivu yamefika ngazi gani na yeye alinitazama mimi kwanza kabla ya kujibu, kupima kama nitavumilia kusikia. Siku ya tatu kifua kikaanza kumbana. Nilijua njia hiyo inakoelekea. Madaktari walimbadilishia damu, wakamvalisha barakoa ya oksijeni, na mimi nikakaa kando ya kitanda nikihesabu pumzi zake bila kujua nazihesabia nini.

Alipoweza kusema tena, jambo la kwanza aliloniomba lilikuwa niende Spånga, kwa kuwa ilikuwa Jumapili.

Nilikwenda kwa shingo upande. Mzee alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilimsalimia shikamoo. Alinitazama kwa makini, akazungumza kwa muda mrefu, kwa utulivu, na kila neno lilikuwa Kiganda. Mhudumu alinieleza kwamba Kiswidi kilimtoka tangu vuli, na kwamba kile kingine, alichokisema na msichana yule anayekuja, kilikwisha wiki hizi za karibuni. Mzee aliuliza kitu. Nilijua ni swali kwa jinsi sauti ilivyopanda. Akauliza tena. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba binti ni mgonjwa kidogo, atakuja, na nikaona kwamba maneno yangu hayamfikii. Nilimshika mkono, nikatazama treni zikipita mpaka chakula kilipoletwa. Sikuwahi kujua aliuliza nini.

Alikufa kabla binti yangu hajaruhusiwa kutoka. Nilizuia habari hiyo mpaka tulipofika nyumbani. Aliketi kwenye kochi bila kuvua koti, akauliza nani alikuwepo. Nilisema mhudumu wa zamu. Akauliza kama mhudumu huyo alijua Kiganda. Nilisema hapana.

Tulimzika kando ya binti yake. Tulikuwa watu wachache wa tawi, kasisi, na mpwa wa mzee aliyekuja kutoka Uingereza, ambaye alitushukuru kwa Kiingereza na hakujua sisi ni nani kwake. Ardhi ilikuwa imeganda, na udongo ulipoangukia jeneza ulitoa sauti kama ya mawe. Daktari alikuwa ametuambia binti yangu asikae kwenye baridi. Nilimvisha koti langu juu ya lake, nikamfunga mtandio hadi puani. Wengine walipoanza kuelekea langoni, nilimgusa bega nikamwambia twende, gari la mama wa Kikongo lina joto.

Alisema bado. Nikasimama naye.