Nilimfungia Mlango Rafiki wa Babu, Sasa Babu Amegeukia Ukuta

Mwenye kisa hiki ni msomaji wetu wa Machame. Jina tumelificha kama alivyoomba, maneno tumeyaacha kama alivyoyaandika.

Kwanza mjue mnasoma barua ya nani. Kuanzia Machame mpaka Masama hakuna mwanaume anayejua kutunza mgonjwa kunishinda mimi. Manesi wenye vyeti waje nyumbani wajifunze. Nina miaka ishirini na mbili, shule niliiachia kidato cha pili baada ya mimi na hesabu kushindwa kuelewana, lakini babu yangu nikimwogesha anang'aa kama sufuria ya harusi. Hana kidonda hata kimoja mgongoni. Nyie mnaojiandaa kunitukana, kaangalieni migongo ya wazee wenu kwanza.

Babu alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Baba yuko Dar, shangazi zangu wameolewa mbali, kazi yao kutuma salamu. Mimi nilikuwa mjini, Pasua, nauza mitumba, nikaitwa nipande kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, nikae naye. Nikaja. Wenye midomo mirefu hawakuja.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja jirani, rika moja na babu. Wao wenyewe walikuwa wanaitana Meku, yaani mzee, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Kila siku saa nne asubuhi anavuka mfereji na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, anaingia na matope yake kwenye sakafu niliyotoka kupiga deki. Hali haulizi. Anaanza na matusi.

"Meku, bado hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani huu mlima? Wewe uliyeng'oa kahawa ya baba yako ukapanda nyanya?"

"Nyanya nakula. Wewe kahawa yako unaitafuna?"

"Msaliti! Toka kwangu!"

Hatoki. Watagombana mpaka saa saba, babu mate yanamruka, mishipa ya shingo imesimama, na bakuli la mtori analimaliza huku anatukana. Mimi niliyemwogesha naambiwa "leta maji", basi. Daktari alishasema presha iko juu, mzee apumzike, na mbege aache. Siku moja nikamsubiri Meku getini.

"Shikamoo. Leo hapiti mtu."

"Marahaba. Kasema nani?"

"Mimi. Unaniulia mgonjwa. Kazungumze na nyanya zako."

Akanitazama kuanzia raba mpaka kofia. "Kijana, babu yako nimemjua kabla baba yako hajajua kujipangusa kamasi."

"Ndiyo maana mmechakaa wote wawili," nikamjibu, nikafunga geti. Nilijisikia kama mkuu wa wilaya.

Akina mama wa kanisani nao walipokuja niliwapokelea ndizi zao mlangoni, nikawaambia amelala. Nyumba ikatulia. Presha ikashuka kweli, msinibishie. Ila wiki ya pili babu akaanza kubakiza mtori, na kila akisikia geti anauliza, "Meku hajaja?"

Meku alirudi. Safari hii hakubeba kibuyu. Alishika jani la isale kwa mikono miwili. Nyie wa mbali mjue, kwetu mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na hata kama alimuua ndugu yako hulikatai. Mzee mzima, asiye na kosa, akanikabidhi mimi. "Mpelekee. Mwambie nimekosa, nilimpandisha damu. Akinisamehe nitakaa kimya, nimtazame tu."

Nikalipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa.

Kesho yake babu akageukia ukuta. Hakuuliza tena. Daktari alipanda kumpima, hakuona ugonjwa mpya. Akaniuliza, "Huyu mzee huwa anaongea na nani?" Nikasema na mimi. "Mnaongea nini?" Nikamwambia mambo ya kiume. Akafunga mkoba wake, hakucheka.

Jumapili iliyopita Meku alinisimamisha nje ya kanisa. Sikusikia tusi.

"Isale lilifika?"

"Lilifika."

"Akasemaje?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Akatikisa kichwa, akashika njia ya kwake kama mtu anayetoka kuzika. Mzee wa kwetu isale lake likikataliwa, mlango ule haukanyagi tena.

Sasa babu anapokea maji kwa kijiko tu. Shangazi zangu ndiyo wamefika, wanamlaumu daktari, mmoja anasema mzee karogwa. Mimi wananisifu! "Kijana kajitahidi, tazama mgongo." Nikisema ukweli babu anaweza kunilaani, na laana ya mzee aliye kitandani nani ataifuta? Nikinyamaza anakufa hivi hivi, uso ukutani, na rafiki yake yuko ng'ambo ya mfereji, hata hatua mia hazifiki. Nishaurini, nifanye nini? Mjibu upesi, matusi yenu yaje baadaye.

Maana lile isale halikufika. Nililitupa zizini, hata ng'ombe alilinusa akaliacha. Babu alipouliza kama Meku kaja, wivu ukanishika, mimi hajawahi kuniulizia. Nikamwambia, "Alikuja, babu. Kasema hana muda wa kukaa na maiti."