Alifunga Injini za GTO Maisha Yake Yote, Hakuwahi Kuendesha Hata Moja

Saa tatu asubuhi, gerejini, Irena Pawlak ameinamia injini ya gari aina ya Pontiac GTO la mwaka 1969, kiganja kimetulia juu ya chuma kinachotetemeka. Anasikiliza kwa mkono. Sikio lake la kushoto liliharibiwa na kelele za kiwandani.

“Inakohoa kidogo,” anasema, akizungusha skrubu ya kabureta. Mngurumo unatulia, unakuwa mzito. “Haya, sasa imeshiba.”

Irena, 75, aliajiriwa kwenye kiwanda cha injini hapa mjini Pontiac, jimbo la Michigan, Marekani, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alikaza boliti za injini kama hii: silinda nane, lita 6.6, nguvu za farasi 350.

Ujanja wa magari haya ya kasi, yaliyoitwa “magari ya misuli”, ulikuwa mwepesi: injini ya gari kubwa ilipachikwa kwenye gari la wastani. Vijana wakapagawa. Kisha bima ikapanda, sheria za moshi zikabana, mafuta yakaadimika mwaka 1973. Farasi wakapungua.

Irena hakuwahi kuendesha hata moja.

“Nilikuwa na watoto watatu na mume mgonjwa,” anasema. “Gari la milango miwili ningewapakia wapi? Nilipanda basi.”

Mwenye gari, Cleophus Tate, dereva mstaafu wa malori, anaposikia hayo anazima injini na kumnyooshea funguo.

“Dada, leo unaendesha wewe.”

“Umerukwa na akili? Nikiligongesha je?”

“Utalitengeneza. Kwani fundi nani?”

Irena anafuta mikono kwenye aproni mara mbili, kisha anaingia; Cleophus anakaa pembeni yake. Klachi ni ngumu. Gari linazimika. Linazimika tena.

“Bibi kizee, hilo si cherehani!” Cleophus anamtania.

“Nyamaza, usije ukarudi kwa miguu!”

Safari hii linaondoka. Wanapita kando ya uwanja mtupu, mahali kiwanda kilipokuwa, na hapo Irena anakanyaga mafuta. Pua ya gari inainuka. Cleophus anashika mlango, ameacha kucheka.

Waliporudi gerejini, Irena hakushuka mara moja. Macho yalikuwa yamelowa.

“Kumbe ndivyo walivyokuwa wanajisikia,” alisema.

“Akina nani?”

“Wale tuliokuwa tunawafungia injini.”

Agosti magari ya zamani yatajaa barabara ya Woodward, katika msafara wao wa maonyesho wa kila mwaka. Irena amezoea kuyatazama akiwa kwenye kiti cha kukunja, kando ya lami. Mwaka huu ameshamwarifu Cleophus.

“Naendesha mimi. Wewe utakaa pembeni, upungie watu mkono.”