Chai Iliyonisubiri Ghorofa ya Tano

Mdogo wangu unayemaliza sekondari hapa Alby, kitongoji chetu cha maghorofa huku ughaibuni, mimi sijazeeka, shahada yangu bado inanuka wino. Ila kuna siku moja naikumbuka, na nikiinyamazia nitakuwa nimekudhulumu.

Manispaa ilinipa kazi ya muda: kuandika historia fupi ya shule zake za sekondari. Wiki tatu nilisoma mafaili peke yangu. Nikajua ipi ilijengwa pamoja na maghorofa haya, na ipi ilifungwa wanafunzi walipoanza kupanda treni kwenda kusoma mjini. Nilijua kila jengo. Mtu, sikumjua hata mmoja. Niliandika na kufuta, nikala mbele ya kompyuta.

Ghorofa ya tano, mbili juu yangu, aliishi Mama Esperansi, mtu wa Uvira aliyemfahamu baba yangu Yohana, na aliyepika katika shule ile iliyofungwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami niliogopa kusumbua. Nikamtumia ujumbe: "Samahani Mama, Alhamisi saa tisa utakuwa na nafasi ya nusu saa?"

Kimya. Nikawaza nimemkosea, labda kwa lile neno "nafasi". Nikaacha.

Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye lifti na masanduku. Anahamia Södertälje, mji wa jirani, kwa binti yake.

"Ujumbe niliusoma," akasema. "Nikajiuliza, huyu ni mtoto wa Yohana au ni daktari wa meno? Nusu saa!"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Siku tatu mlango sikuufunga kwa ufunguo. Chai iko kwenye chupa. Nikasema atapanda tu, kama watu. Mwanangu, hata kwangu kulikuwa kimya."

Nilimbebea masanduku hadi garini. Njiani akanisimulia kwamba siku ya mwisho ya shule ile, wanafunzi waliingia jikoni wakaosha sahani zote wenyewe, kisha wakaziosha tena, maana hakuna aliyetaka kutoka. Gari likaondoka kabla sijauliza majina yao. Katika historia yangu nzima, hiyo ndiyo sentensi pekee yenye watu.

Mdogo wangu, mzee hapangiwi saa. Ukiwa na hofu, acha kichwa kiendelee kuwaza, miguu ipande ngazi. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walijua kwamba na mgeni naye hupona.

Jumapili naenda Södertälje. Sijatuma ujumbe. Nawe Mungu akupe milango isiyofungwa, na ujasiri wa kubisha hodi chai ikiwa bado ya moto.