Mkomamanga wa Kaka Athumani

Harufu ya gunia lililolowa maji ya barafu hunichosha mpaka leo. Kijana anayeniletea barafu hapa kwenye duka langu la samaki, Likoni, alilitua gunia mlangoni asubuhi, maji yakachuruzika sakafuni, na shingo yangu ikauma palepale kana kwamba nimelibeba mimi. Shule niliionja tu nikaiacha, na duka hili nimelisimamisha mwenyewe, sikushikwa mkono na mtu. Kazi nzito nazijua. Lakini iliyonichosha kuliko zote niliifanya ningali mtoto wa kike mwembamba: kubeba barafu ya mti.

Ndiyo, ya mti. Msicheke bado.

Kaka yangu Athumani alikuwa baharia. Mara ya mwisho kuja nyumbani alitoka nchi za theluji na mche wa mkomamanga, mizizi imefungwa kwa kitambaa kibichi. Alitueleza, huku anatafuna muhogo, kwamba huko mikomamanga huishi kwenye baridi ya kuua mtu. Theluji ikikaribia, mti hupukutisha majani yote, wenyewe wakauviringishia mablanketi na kurundika nyasi kavu shinani. Joto likirudi, unachipua kama haukupatwa na kitu.

"Mama, huu haufi," alisema. "Na ukizaa, komamanga la kwanza nakuja kulila mimi. Asiliguse mtu."

"Basi usikawie, mwanangu. Mimi na makomamanga sina subira."

Akaondoka. Salamu zake zilikuja kupitia mabaharia wenzake, kisha zikakatika.

Mti ulimea, ukajaa majani, lakini haukutoa ua hata moja. Mama akaamua kwamba umekosa baridi yake. Kila asubuhi nikatumwa kwa wauza samaki karibu na feri, nikaombe barafu iliyobaki. Nilipanda nayo kile kilima kichwani, maji yakinitiririka mgongoni, gauni limenigandama. Mama aliipondaponda, akaizungusha shinani, akaifunika makuti jua lisiiwahi.

Bi Mwanaidi, jirani yetu, hakukosa neno la kuturushia kutoka upande wake wa ua wa makuti.

"Mama Athumani! Leo umeupa barafu tupu, au na maji ya ukwaju?"

"Njoo nikutilie na wewe," mama akamjibu. "Huenda huo ulimi ukapoa."

Baada ya muda majani yakageuka manjano, yakaanguka. Mimi nilishtuka. Mama alipiga vigelegele, wallahi, peke yake uani.

"Si alisema hupukutisha? Umeingia baridi huo!"

Akatoa blanketi lake mwenyewe, la pekee nyumbani, akauvika mti. Kusi ile, na baridi yake ya usiku, tulijikunyata kwa leso.

Tukangoja uchipue. Joto likarudi, fimbo ikabaki fimbo. Siku moja mama akiwa kisimani, nilimwita Bi Mwanaidi auangalie. Alifunua blanketi, akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kukavu, rangi ya kahawia. Mizizi ilikwisha kuoza kwa yale maji. Nikangoja kicheko chake, hakikuja. Alilirudisha blanketi, akalibana taratibu kama anayefunika mtoto, na mama alipotua ndoo akamwambia, "Ngoja tu, shoga. Utachipua, inshallah."

"Inshallah," mama akaitikia.

Nilimchukia Bi Mwanaidi kwa uongo ule. Niliona anamfanyia mama shere.

"Mti umekufa, mama!" nikapiga kelele. "Hata yeye anajua! Mimi barafu sibebi tena."

Mama hakunipiga. Alilikung'uta gunia, akalikunja begani, akateremka feri mwenyewe. Kesho yake pia. Na kesho kutwa.

Athumani hakurudi. Hatukupata habari ya meli wala ya kaburi.

Nimezeeka ndipo nikaliona jambo lililokuwa wazi. Mama alizaliwa bara ya Kwale, akakata kuni tangu hajabadilisha meno. Mti mkavu aliujua kwa kuugusa tu, kama mimi ninavyomjua samaki aliyelala, asiye mbichi tena, kwa kumtazama jicho. Hakuhitaji ukucha wa jirani, wala kelele zangu. Alijua, na Bi Mwanaidi alijua kwamba anajua. Kuing'oa ile fimbo kungekuwa kumzika Athumani, na mama hakuwa tayari kumzika mwanawe bila kumwona.