Siku Kumi za Mbwa wa Bwana Mkaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mnyororo, fimbo ndefu yenye kitanzi cha kamba, na amri moja. Aliyeniajiri alikuwa Daktari wa Mifugo, Mzungu mzee aliyekijua Kiswahili vizuri. Alinisimamisha mbele ya vibanda vya mbwa nyuma ya ofisi, akaniambia, "Salimu, mbwa akiuma mtu, usimuue. Mfunge siku kumi, umtazame. Kama ana kichaa, kitaonekana kabla siku hizo hazijaisha. Ukimuua siku ya kwanza, aliyeumwa atakaa na hofu asijue hali yake."

Reli ilikuwa imekwisha kufika ziwani, na Wazungu waliokaa mtaa wa Kizingo walikuwa wakishuka melini na mbwa wao. Chanjo ya mbwa haikuwako. Watu tulichanjwa ndui, lakini kwa mbwa tulikuwa na kamba, bunduki, na kibati cha shingoni cha kuonyesha kwamba ameandikishwa. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikisha wa kufugwa, kuwakamata wanaozurura kuanzia mtaa wa Makadara hadi Kuze, na kuwachunga waliofungwa.

Kwetu, mtaa wa Kibokoni, kazi hiyo ilikuwa aibu, kwa kuwa mbwa ni najisi. Mamangu alinitengea ndoo uani. Nilinawa mara saba, moja kwa mchanga, ndipo nipewe chakula. Barazani wakaniita Salimu Mbwa, wakidhani nitaona haya niache kazi. Nikaanza kuitikia jina hilo, na naliitikia hadi leo.

Mwaka wangu wa tatu Daktari alipelekwa Nairobi kwa miezi kadhaa, na msaidizi wake, Mzungu tuliyemwita Bwana Mkaguzi, akashika nafasi yake. Huyu alikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, aliyemlea tangu mtoto. Walikuwa wametoka kuwinda bara pamoja. Asubuhi moja mbwa yule alimuuma mkono Bi Mwanasha, mjane aliyeuza mahamri, alipokuwa akipita njiani na sinia lake.

Nilimwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Kisha nikaenda nyumbani kwa Bwana Mkaguzi naye hayuko, nikamtia mbwa mnyororo, nikamfungia kibandani. Adhuhuri bwana akaja.

"Fungua mbwa wangu. Ni mzima."

"Sifungui, Bwana. Ameuma mtu. Ni siku kumi."

"Amri hiyo ni ya mbwa wa mitaani."

"Daktari hakunitajia mbwa wa nani."

"Nitakufukuza kazi, Salimu."

"Nifukuze, Bwana. Lakini ufunguo nitamkabidhi Daktari mwenyewe."

Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kikoi. Angeweza kuwaita askari wauchukue. Nadhani aliona haya, maana Bi Mwanasha alikuwa amekuja na nduguye, wamesimama mlangoni wanasikia kila neno. Akaondoka. Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia, akimletea mbwa wake nyama kwa mkono wake mwenyewe, akinitazama kana kwamba mimi ni mwizi.

Siku ya nne mbwa hakuigusa nyama. Siku ya tano sauti yake ilibadilika ikawa ya mkwaruzo, taya likalegea, mate yakamtiririka, akawa anautafuna mnyororo. Nikatuma habari. Bwana Mkaguzi alikuja, akamtazama mbwa kibandani. Kisha akatwaa bunduki, akampiga mbwa wake mwenyewe. Nilimhurumia.

Bi Mwanasha aliniuliza, "Mwanangu Salimu, niambie kweli. Nitakufa?"

"Ukikaa hapa, Bi, huenda. Ukienda Bara Hindi kuna sindano."

Bwana Mkaguzi mwenyewe aliandika barua ya kumwombea matibabu siku ile ile, na meli iliyofuata ikamchukua Bi Mwanasha na nduguye hadi Bombay. Alichomwa sindano za tumbo siku baada ya siku. Alirudi mzima, akauza mahamri yake miaka mingi.

Mimi, kabla Daktari hajarudi, nilihamishwa bandari ya Kilindini, kukagua mbwa wanaoshuka melini. Barua ya uhamisho ilisema sina adabu kwa wakubwa. Nilitakiwa niombe radhi ili nirudishwe mjini. Sikuomba. Nilikaa Kilindini hadi nilipostaafu, chini ya mabwana ambao sina haja ya kuwahesabu. Wa mwisho wao alinisomea cheti changu cha kuagwa, kilichosema nilikuwa mtumishi mtiifu. Nikamwomba alifute neno hilo. Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akalifuta.

Sasa vijana wananiuliza mbwa achanjwe mara ngapi. Atimizapo miezi mitatu, arudiwe mwaka ukitimia, kisha kila mwaka kama kadi ya daktari inavyosema. Jirani yangu aliniambia juzi kwamba hayo ni usumbufu, mbwa wake hatoki uani. Nikamuuliza kama ukuta wake unazuia paka na mbwa wa wenzake wasiingie. Nikamwambia tunampeleka kuchanjwa leo, si kesho. Tulikwenda pamoja, mimi na mkongojo wangu, nikamshika mbwa kichwa kwa mikono yangu miwili mpaka sindano ikatoka.