Jibini Ambayo Mpishi Hakuionja

Buya Komora alikuwa mwoga, na hata ukimwambia hivyo usoni hakukasirika. Aliogopa mamba, kama kila mtu wa Mto Tana mwenye akili zake. Lakini yeye aliogopa pia radi, mbwa waliofungwa minyororo, na zaidi ya yote Wazungu aliowapikia. Alijifunza kazi hotelini Malindi akiwa kijana, kisha akaajiriwa Garsen na Mzungu mpimaji wa mto ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Mkewe, Mwanaarusi, alibaki kwao upande wa juu wa mto akilima mpunga, na kila likizo alimwambia, "Mume wangu, ukiitwa jina tu unatetemeka. Kazi gani hiyo?"  Buya alipenda kupika, basi.

Miaka hiyo nchi ilikuwa katika hali ya hatari. Vita vilikuwa mbali huko bara, lakini habari zake zilifika kwa malori ya Malindi, na zilipofika zilikuwa zimenona. Zilisema wapishi wanatiwa ndani kwa sababu ya kikombe cha chai chenye ladha ngeni. Zilisema mmoja wao, aliyewahi kuosha sufuria pamoja na Buya hotelini, alichukuliwa akiwa bado amevaa aproni, na hajaonekana tena. Kweli au uzushi, Buya alizimeza zote, na usiku hazikumwacha alale.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia katikati ya masika. Mto ulivunja kingo, lori la vyakula likakwama topeni siku kadhaa, na jibini ya memsabu, mke wa Bwana Miwani, ikaozea humo ndani. Huo ulikuwa msiba mkubwa nyumbani kwa Bwana Miwani, maana mkubwa wake wa kazi, aliyetoka bara, alikuwa njiani kwa boti kutoka Kipini, na memsabu alikwisha kuahidi keki ya jibini kama ya kwao.

"Jibini laini ziko namna nyingi, Buya," memsabu alimweleza akiwa kitandani, homa imemkaba. "Ile nzuri hutengenezwa kwa malai, yale mafuta ya juu ya maziwa, ni nzito, inapakika kama siagi. Iko ya chembechembe, ya maziwa yaliyokatwa kwa ndimu. Na iko ya maziwa ya mgando, ukiyachuja maji yote. Jaribu."

Buya akajaribu. Ile ya ndimu aliiacha motoni ikapitiliza, chembe zikawa ngumu kama mchele mbichi, akawatupia kuku. Ndipo akamkumbuka Qabale.

Qabale alikuwa mjane wa Kiorma kutoka Minjila, aliyeleta maziwa kila asubuhi. Maziwa mabichi ya Wazungu aliyatia katika birika la memsabu mwenyewe. Lakini maziwa ya mgando aliyagandisha kwao, ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi wa mti fulani mpaka kikawa cheusi ndani, kama walivyofanya mama yake na bibi yake, ili maziwa yasiharibike na yawe na harufu nzuri. Asubuhi Buya alimwomba, na jioni ile ile Qabale akamletea vibuyu viwili.

Buya akayamimina katika kitambaa cha marekani, akakifunga, akakitundika jikoni juu ya karai. Kesho yake alipofungua alikuta kitu cheupe, laini, kinachong'aa. Akakichanganya na malai, mayai, sukari na ganda la ndimu, akakimwagia juu ya biskuti zilizopondwa, akatia ndani ya jiko. Ilitoka keki ya kupendeza macho.

Hakuionja. Wako wanaosema mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Buya alilijua hilo, lakini alimwogopa Mungu kwa namna ile ile alivyoogopa radi, akaona bora asijaribu. Moshi nao angeusikia wapi, mtu anayeshinda mbele ya jiko la kuni? Memsabu alikuwa bado na homa. Keki ikaenda mezani bila ulimi wa mtu kuigusa.

Saa kumi jioni Bwana Miwani na mkubwa wake walikaa barazani kunywa chai. Mgeni alikuwa mtu mnene, bastola kiunoni, jicho lake halitulii. Alikata kipande kikubwa, akatia mdomoni. Kisha akakitema juu ya meza.

"Dawa!" akapiga kelele. "Hii iko dawa ndani! Lete mpishi!"

Buya akatoka jikoni. Askari wa nyumba, Godhana, Muorma wa Minjila, alikwisha kusimama nyuma yake. Mgeni mwenyewe alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza, mkono juu ya bastola. Hilo ndilo lililomtisha Buya zaidi. Mtu mwenye hasira unaweza kumwomba. Mtu mwenye hofu na bastola humwombi kitu.

"Weka nini hapa, wewe?"

"Si... sikuweka kitu, Bwana. Ni jibini tu."

"Kula, basi!"

Kipande kikasukumwa mbele yake. Buya akakitazama. 

"Nimefunga, Bwana. Ni Ramadhani."

"Wewe naona?" mgeni akamgeukia Bwana Miwani. "Hataki kula! Najua iko nini ndani!"

Bwana Miwani akasema polepole, "Buya, kula kidogo tu, yaishe," lakini hata sauti yake ilikuwa imeingia shaka. Buya akaona kila kitu kwa mara moja: pingu, boti, gereza, Mwanaarusi akipelekewa habari shambani. Alijua Mungu humsamehe mtu anayeiokoa roho yake. Akanyoosha mkono kukichukua kile kipande. Vidole vikakataa kufumba, kikaanguka sakafuni.

Godhana akamshika kwapani.

"Wacha," ikasema sauti ya mwanamke.

Ni Qabale, aliyekuwa amekuja kuchukua vibuyu vyake, akasimama kando ya ukuta. Alipanda barazani bila kuitwa, akakata kipande kingine kwa mkono wake, akala. Alikula chote, mbele ya wanaume, jua likiwa bado juu. Godhana, aliyekuwa shemeji yake, akainamisha uso kwa haya, maana mwanamke anayekula mchana wa Ramadhani hadharani amewatangazia watu kwamba yumo katika siku zake.

"Moshi," Qabale alisema akijifuta mdomo. "Moshi ya kibuyu yangu. Hakuna dawa."

Walimkalisha pale barazani, wakamtazama. Chai ikapoa. Mgeni aliendelea kumkazia macho mpaka Bwana Miwani alipoionja keki mwenyewe, akacheka kicheko kifupi, akasema kweli ni moshi. Mgeni hakuomba radhi. Aliagiza biskuti.

Buya alimsindikiza Qabale hadi barabarani, amembebea vibuyu.

"Dada, Mungu akulipe," alisema. "Nimekuaibisha mbele ya shemeji yako. Heri tu leo hukuwa umefunga."

"Nani sema sijafunga?" Qabale akasimama. "Mimi nilikula daku na watoto wangu."

Buya akamgeukia. "Basi uliivunja saumu kwa ajili yangu, kwa kuwa ulijua haina kitu."

"Maziwa najua. Hiyo ingine uliweka wewe, sijui."

"Yaani ulidhani mimi...?"

"Mimi pia nasikia habari ya wapishi. Na wewe kila siku mbele ya Mzungu unatetemeka. Nikasema, huyu mtu iko na kitu anaficha."

Buya alihisi kama amepigwa kofi. Maisha yake yote aliwaogopa watu. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayemwogopa yeye.

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Wakikufunga, watauliza maziwa ya nani. Watakuja Minjila, watachukua ng'ombe. Watoto wangu watakunywa nini? Wakiona mwenye maziwa amekula, hawatakuja. Nikasema, kama ni kufa, nife mimi moja." Alimsogelea, akashusha sauti. "Tangu pale nasikiliza tumbo yangu. Ndugu Buya, sasa Wazungu hawako. Niambie kweli. Uliweka kitu?"

"Wallahi sikuweka," Buya akasema. Akaapa tena, na tena, machozi yakimtoka.

Qabale alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavipokea vibuyu vyake, akashika njia ya Minjila polepole, mkono mmoja tumboni.